Mkono kwanza, kioo baadaye: kwa familia zenye watoto Marekani

Maneno haya niliyasema Lubumbashi, mbele ya wazazi na vijana waliokusanyika kwenye ukumbi mmoja wa komine ya Kampemba. Wengi walioniomba maandishi wako mbali, kwa hiyo nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Baba zangu, mama zangu, yaya zangu na wadogo zangu, nawasalimu wote.

Mama mmoja wa Katuba ameniuliza jambo ambalo najua linawasumbua wengi humu. Mtoto wake yuko Texas, ana kazi, ana mke na watoto wadogo. Amemwambia kwenye simu kwamba anataka kununua bastola kubwa, ile yenye kioo cha kulengea juu, ya kwenda nayo uwanja wa shabaha na ya kulinda nyumba. Mama akaniambia: wewe unafundisha watu kulenga kule kule, sema basi, hiyo kitu ni muzuri ao ni mubaya? Nimeona nimjibu mbele yenu, kwa urefu, maana jibu fupi la swali hili ni la hatari.

Nianze na kuweka mpaka. Ninachosema leo kinawahusu wanaoishi Marekani. Hapa kwetu sheria ya silaha na risasi ni ya mwaka 1985, na raia hawezi kukaa na bastola bila kibali cha serikali. Hata mlinzi wa kampuni anayekesha mlangoni habebi bunduki. Mwenye bunduki ni polisi. Kwa hiyo asitoke mtu humu akaanza kuulizia bastola sokoni, na asimwombe mtoto wake amletee moja ndani ya sanduku la safari. Kuitoa Marekani bila leseni ni kosa la jinai kule, na kuiingiza hapa ni kosa jingine.

Kule nako si kila mtu anaruhusiwa. Duka lenye leseni haliuzi bastola kwa mtu wa chini ya miaka 21. Mnunuzi hujaza fomu ya serikali kuu, kisha jina lake hupitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi ulioanza kazi mwaka 1998. Mwenye ukaaji wa kudumu, ile kadi ya kijani, anaweza kununua. Aliyekwenda kwa viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi, na milango iliyoachwa wazi kwake ni michache na myembamba. Mtu aliyehukumiwa kwa kumpiga mke wake, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, sheria ya mwaka 1996 inamkataza kushika silaha. Halafu kila jimbo lina yake: California na New York zinataka shajera, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, isizidi risasi 10, Texas haina kikomo hicho. Kijana asome sheria ya jimbo lake kabla ya kutoa dola.

Sasa tuje kwenye bastola yenyewe.

Wazee waliowahi kuwa jeshini au kwenye ulinzi wa migodi wanaijua GP, ile ya Wabelgiji kutoka kiwanda cha FN, Herstal. Ilitoka mwaka 1935. John Browning aliianza, akafa mwaka 1926, na Dieudonné Saive akaimaliza. Ni chuma kitupu, karibu kilo nzima, na shajera yake inabeba risasi 13. Hiyo ndiyo sura ya bastola kubwa: mpini unaojaza mkono hadi kidole cha mwisho, na mtutu wa sentimita 11 au 12. Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982, ina mtutu wa milimita 114, risasi 17, na kwa kuwa sehemu ya chini ni plastiki ngumu, uzito wake ikiwa tupu ni gramu 600 na kitu. Zote mbili hupiga risasi ileile ya milimita 9 iliyobuniwa na Georg Luger zaidi ya miaka 120 iliyopita. Risasi hiyo ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Ni ya bei nafuu kuliko nyingine za ukubwa huo, teke lake, yaani inavyousukuma mkono nyuma, linavumilika, na polisi wengi wa Marekani walioiacha zamani wamerudi kwake.

Kwa nini kubwa, wakati maduka yamejaa ndogo nzuri? Kwa sababu ndogo imetengenezwa ifichwe chini ya shati. Kijana huyu hataki kuificha. Anataka kupiga vizuri uwanjani na kuwa nayo nyumbani. Uzito unapunguza teke. Mpini mrefu unashikwa na vidole vyote vya mikono miwili. Chini ya mtutu kuna reli ya kufungia taa. Na slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, mara nyingi ni rahisi zaidi kuivuta kwenye bastola kubwa kuliko kwenye ndogo, kwa kuwa springi ya ndogo huwa kali. Nimeona akina mama wakiuziwa bastola ndogo kwa hoja kwamba mikono yao ni midogo, kisha wakashindwa hata kuitia risasi. Ushauri huo unaniudhi sana. Aliyewauzia hakuwaweka mbele wao. Aliweka mbele sanduku lake la pesa.

Mkono wako unaupima hivi. Sukuma kiganja juu kabisa nyuma ya mpini, mpaka ile ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada igusane na ukingo wa juu wa mpini, bila kuingia njia ya slaidi. Mtutu uwe mstari mmoja na mfupa wa mkono. Sasa peleka kidole kwenye kifyatulio. Kama nyama ya ncha ya kidole inafika katikati yake bila wewe kuzungusha bastola mkononi, inakufaa. Kama inabidi uizungushe ndipo ufike, mpini ni mnene mno. Bastola nyingi za sasa huja na vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini, vidogo kwa vikubwa, kwa hiyo jaribu vyote kabla ya kuikataa. Kazi hii inafanyika dukani bila risasi hata moja, na inasema mengi kuliko video za wiki nzima.

Kioo sasa, maana ndicho kinachowatoa vijana macho.

Watu wengi hudhani ni leza. Siyo. Leza inatupa mwanga hadi kwenye shabaha. Hiki kioo kidogo kina taa ndogo ndani inayopiga nukta kwenye lenzi, na nukta hiyo anaiona mwenye bastola peke yake. Aimpoint ya Sweden ilitoa ya kwanza ya umeme mwaka 1975, ya bunduki ndefu. Ilichukua miaka mingi kupata ndogo inayostahimili kukaa juu ya slaidi ya bastola, maana slaidi inapigwa nyuma na mbele kwa nguvu kila risasi. Kioo cha RMR cha kampuni ya Trijicon, cha mwaka 2009, ndicho kilichowafanya watu waamini kwamba inawezekana. Mwaka 2015 Glock wakaanza kuuza bastola zilizochongwa tayari juu ya slaidi ili kioo kifungwe, na leo karibu kila kiwanda kina yake: Smith & Wesson, Walther, CZ, Beretta, FN. Jeshi la Marekani lenyewe, lilipochagua bastola mpya mwaka 2017, lilichukua yenye nafasi ya kioo.

Faida yake ni ya kweli, nami siipunguzi. Kwa alama za chuma, jicho lina vitu vitatu vya kupanga: alama ya nyuma, alama ya mbele, na shabaha, na jicho la binadamu haliwezi kuona vitatu hivyo wazi kwa pamoja. Mwalimu atakwambia kaza jicho kwenye alama ya mbele. Mtu wa miaka 50 akikunja uso kuitafuta alama hiyo, haioni tena vizuri. Kwa nukta, macho yote mawili yako wazi, unatazama shabaha yenyewe, na nukta inakaa juu yake. Baba mwenye miwani ya kusomea anapata uhai mpya uwanjani. Ila mwenye kasoro fulani ya jicho, astigmatizimu, ataiona nukta kama nyota iliyochanika au mkia wa koma. Asidhani kioo ni kibovu. Apunguze mwanga wa nukta, na akamwone daktari wa macho.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wauzaji hawalisemi. Zamani mtutu mrefu ulisaidia kulenga kwa sababu alama mbili za chuma zilikuwa mbali moja na nyingine, na kosa la mkono lilionekana mapema. Ukishaweka nukta, umbali huo hauna kazi tena. Kwa hiyo kijana anayetaka kuongeza pesa apate ile ndefu kupita kiasi, pamoja na kioo, ananunua faida moja mara mbili. Ile ya kawaida ya sentimita 11 inamtosha.

Ubaya wa nukta uko katika siku za mwanzo. Unanyoosha mikono, unatazama kiooni, na huoni kitu. Nukta ipo, lakini kifundo cha mkono kimeinama kidogo na imetoka nje ya dirisha. Mgeni huanza kuizungusha bastola hewani akiitafuta. Dawa si kuitafuta. Ni kurudisha bastola kifuani, kukaza macho kwenye shabaha, na kuinyoosha tena polepole huku alama ya mbele ya chuma ikitangulia kuingia machoni. Nukta itatua juu yake. Hii inafanywa nyumbani, bastola ikiwa tupu na imekaguliwa mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine, mtutu ukielekea ukuta usio na mtu nyuma yake. Dakika kumi kila siku kwa mwezi zinafaa kuliko safari moja ya uwanjani yenye risasi 300. Na nukta itakuonyesha mkono unavyotetemeka. Watu huogopa. Mkono ulikuwa ukitetemeka tangu zamani, ila alama za chuma zilikuficha usiuone. Acha itetemeke ndani ya shabaha, na ufyatue bila kukwanyua.

Kuhusu kufunga. Nyayo za vioo, pale vinapokaa juu ya slaidi, hazifanani, na kila mkato huitwa kwa jina la kioo chake: kuna mkato wa RMR, kuna wa DeltaPoint Pro, kuna wa RMSc kwa bastola nyembamba, kuna wa ACRO. Kijana akinunua kioo kwanza kwa sababu kilikuwa na bei nzuri, atajikuta anatafuta sahani ya chuma ya kuunganisha viwili visivyojuana. Viwanda vingi hutegemea sahani hizo. Bastola ya Springfield Echelon ya mwaka 2023 inatumia pini ndogo zinazohamishwa, vioo vingi vikikaa moja kwa moja juu ya slaidi. Mimi naupenda mpango huo, kwa kuwa kila sahani inaongeza skrubu, na kila skrubu ni mahali pa kulegea.

Skrubu ndizo zinazoharibu siku ya mtu uwanjani. Ikiwa fupi mno inang'oka. Ikiwa ndefu mno ni mbaya zaidi: kwenye baadhi ya bastola, ile ya upande wa kulia ikizidi inabana kijiti kilicho chini yake kinachoendesha ndoano ya kutoa ganda, na bastola inaanza kukwama bila wewe kujua sababu. Basi tumia skrubu zilizokuja na sahani ile na kioo kile, zisafishwe mafuta, zitiwe tone dogo la gundi ya skrubu, zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kioo. Mstari ukivunjika, umejua imezunguka. Mtu wa Lubumbashi anayejua karakana hahitaji kufundishwa hili mara mbili.

Kama anaishi Phoenix au mahali penye vumbi kama letu la kiangazi, aangalie pia aina ya kioo. Vioo vya wazi vina taa iliyo nje, nyuma ya lenzi. Chembe moja ya vumbi au tone la mvua likiikalia, nukta inapotea au inapasuka. Vile vilivyofungwa pande zote ni vizito kidogo na vya bei zaidi, lakini unafuta kwa kitambaa na unaendelea. Vyovyote vile, alama za chuma zibaki, na ziwe ndefu kiasi cha kuonekana kupitia kioo, kwa siku betri itakapokufa. Betri ibadilishwe kila mwaka tarehe 30 Juni hata kama bado inawaka; tarehe hiyo hakuna Mkongomani anayeisahau. Na kama kioo hufunguliwa ili kuifikia betri, aende uwanjani kuhakikisha kwamba risasi bado inafika pale nukta inapokaa.

Pesa. Bastola nzuri ya kiwanda kinachojulikana ni dola 500 hadi 700 hivi. Kioo cha kuaminika ni dola 300 hadi 600. Kijana akisikia hivyo hukusanya 1,200, anamaliza zote, na hana hata za risasi. Mimi nampanga tofauti. Anunue bastola iliyochongwa tayari, afunike nafasi ile kwa kifuniko chake, na apige kwa alama za chuma. Pesa iliyobaki inunue kwanza sanduku la chuma la kufungia, kisha kinga ya masikio na macho, maana mlio wa milimita 9 unakaribia desibeli 160, na sikio huanza kuharibika papo hapo kwenye 140. Kisha darasa la mwalimu, na risasi za mazoezi. Kioo kije baada ya miezi michache, mkono ukishajua kazi. Nafasi ya kioo haiozi.

Sasa nyumbani, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko pote.

Sisi tumekulia ndani ya kuta za matofali ya kuchoma. Katika komine zetu, Katuba, Kenya, Ruashi, ukuta ni ukuta. Nyumba nyingi za Marekani ni mbao zilizosimamishwa, na pande mbili kumebandikwa bodi ya jasi yenye unene wa sentimita moja na kidogo. Risasi ya milimita 9 inapita ukuta wa namna hiyo, inapita wa pili, na inaweza kupita wa tatu. Nyuma ya ukuta wa sebule kuna kitanda cha mtoto. Kwenye nyumba za kupanga, nyuma yake kuna jirani. Risasi za kichwa chenye tundu, zinazofunguka mwilini, ndizo za nyumbani, na nzuri hupimwa ziingie sentimita 30 hadi 46 ndani ya jelatini ya majaribio. Lakini ikikosa mtu, hata hiyo inapita bodi ya jasi. Kwa hiyo mwenye nyumba atembee nyumba yake mchana, ajue ni upande gani hawezi kufyatua hata iweje.

Na nyumba ya Mkongomani kule haiko kimya. Binamu analala kwenye kiti kirefu. Shemeji amefika jana kutoka Kentucky. Mke anatoka zamu ya usiku kwenye ghala au kiwanda cha nyama na anafungua mlango saa tisa za usiku. Mtu anayesikia mlango usiku katika nyumba ya namna hiyo, kwa kweli anamsikia ndugu yake. Nukta nyekundu haitamwambia ni nani. Nukta inakwambia risasi itakwenda wapi, basi. Ndiyo maana nasema taa inatangulia kioo, na taa ya mkono inatangulia ile ya kufungwa chini ya mtutu. Ukitafuta mtu kwa taa iliyofungwa kwenye bastola, umeshamwelekezea mtutu kabla hujajua kama ni mtoto wa dada yako. Taa ya mkono, na sauti: taja jina, uliza ni nani, piga simu 911, funga mlango wa chumba ulicho na watoto, ukae humo. Kidole kinakaa nje ya kifyatulio, kimenyooka juu ya mwili wa bastola, mpaka uwe umemwona mtu, umemjua, na umeona hakuna njia nyingine. Kwenda kumtafuta mwizi gizani ni kazi ya polisi.

Bastola haikai chini ya mto. Haikai juu ya kabati. Watoto hupanda. Wageni wana watoto wao, na hao hawakufundishwa chochote. Inakaa ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani au kitandani, la kufunguka kwa namba au kwa kidole, na funguo hazizagai. Na mtu wa nyumbani akipita kwenye huzuni nzito, akaanza kusema maisha hayana maana, silaha itoke ndani ya nyumba siku hiyohiyo, ipelekwe inakoruhusiwa kutunzwa. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa silaha za moto Marekani wanajiua wenyewe. Wazazi, mkiwa huku mbali ninyi ndio mnaosikia sauti ya mtoto inapobadilika kwenye simu. Msione aibu kumwambia mkewe, au mchungaji wake, au rafiki anayekaa naye.

Kijana mmoja pale nyuma ameniuliza ningechagua ipi mimi. Kwa mtu anayeanza, ningemweka mbele ya Glock 17 yenye nafasi ya kioo, Smith & Wesson M&P 9 ya M2.0, na Walther PDP kubwa. Ya kwanza kwa sababu vipuri, shajera na mafundi viko kila mji. Ya pili kwa mpini unaokaa vizuri kwenye mikono mingi. Ya tatu kwa kifyatulio chake, ambacho ni laini, na kwa kweli kizuri kuliko cha hizo nyingine mbili. Lakini asinunue kwa maneno yangu. Viwanja vingi vya shabaha Marekani hukodisha bastola hizi. Aende na mkewe, kwa sababu siku mume yuko kazini, mke ndiye atakuwa na nyumba. Kila mmoja apige shajera mbili tatu za kila bastola, kwanza kwa alama za chuma, kisha kwa nukta, kutoka mita tano hadi kumi. Waangalie karatasi zao pamoja. Na ile ambayo mmoja wao anashindwa kuivuta slaidi au kuikagua kama iko tupu, waiache pale pale kwenye meza ya duka.